WASTANI UNAOSOGEA NA BEI YA MAHINDI

Kila mwaka, masika yakishapita na mahindi mapya kuanza kuingia mjini Morogoro, mfanyabiashara wa nafaka wa Mwembesongo hukabiliwa na swali moja: anunue lini? Akinunua mapema, huku bei ingali inashuka, mtaji wake hufungwa katika magunia ambayo wiki ifuatayo yatauzwa kwa bei ndogo zaidi. Akingoja mno, bei hupanda, naye hubaki na fedha zisizotosha kujaza ghala. Mkulima wa Gairo au Kilosa analo swali hilo hilo kwa upande wa pili: auze lini?

Swali hili halikuwa na uzito huo nyakati zote. Katika miaka ya 1970 Shirika la Usagishaji la Taifa (NMC) ndilo lililokuwa mnunuzi rasmi wa nafaka, na bei ilitangazwa na Serikali kwa msimu mzima. Kuanzia mwaka 1984 vizuizi vya biashara ya nafaka vilianza kulegezwa, na hatimaye bei ikawa jambo la kupatana sokoni. Bei ya namna hiyo hupanda na kushuka kwa sababu nyingi ndogo: leo malori mawili yameingia kwa pamoja, kesho mvua imeharibu njia. Chini ya misukosuko hiyo upo mwendo mwingine wa polepole, unaotokana na mavuno na upungufu. Mfanyabiashara anautafuta mwendo huo wa pili, lakini machoni pake huonekana ule wa kwanza.

Jinsi ya kukokotoa

Njia mojawapo ya kuitenga miendo hiyo miwili ni wastani unaosogea. Wazo lenyewe si geni: mwanafizikia Mwingereza John Henry Poynting alilitumia mwaka 1884 alipochunguza mabadiliko ya bei ya ngano. Huchukuliwa bei za vipindi kadhaa vya mwisho, zikajumlishwa na kugawanywa kwa idadi yake. Kipindi kipya kikifika, bei ya zamani kuliko zote huachwa na mpya huingizwa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Bei ya gunia katika wiki kumi, kwa maelfu ya shilingi, ni hii: 80, 74, 71, 62, 65, 59, 65, 68, 77, 80. Wastani wa wiki tatu za kwanza ni 75. Katika wiki ya nne 80 huachwa na 62 huingia. Wastani huwa 69. Tukiendelea hivyo hadi wiki ya kumi tunapata: 75, 69, 66, 62, 63, 64, 70, 75. Msomaji ataona kwamba bei ziliruka huku na huko, lakini wastani ulishuka kwa utaratibu, kisha ukapanda kwa utaratibu.

Kanuni ya kununua

Kanuni nyepesi yasema: nunua pale bei inapoupita wastani wake kwenda juu. Katika wiki ya tano bei ilipanda kutoka 62 hadi 65, na mwenye pupa angedhani kwamba soko limegeuka. Lakini wastani ulikuwa 66. Bei ilikuwa bado chini yake, na kweli wiki iliyofuata ilianguka hadi 59. Katika wiki ya saba bei ilikuwa 65 na wastani 63. Hapo ndipo kanuni ilipotoa ishara.

Wapo wanaotaka uthibitisho zaidi. Hao hulinganisha wastani wa muda mfupi na wa muda mrefu, na hununua ule mfupi unapoupita ule mrefu. Katika masoko ya Marekani, Richard Donchian alijulikana kwa kutumia wastani wa siku 5 na wa siku 20. Katika mfano wetu, wastani wa wiki tano ni 64.4 katika wiki ya saba na 63.8 katika wiki ya nane. Basi wastani wa wiki tatu unaupita katika wiki ya nane, wakati gunia limekwisha kufika 68.

Gharama ya utulivu

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Bei ya chini kabisa ilikuwa 59, lakini kanuni ya kwanza ilinunua kwa 65 na ya pili kwa 68. Kwa magunia kumi, tofauti na bei ya chini ni shilingi 60,000 na 90,000. Wastani wa wiki tatu huchelewa kwa wiki moja, na wa wiki tano kwa wiki mbili, kwa kuwa kila wastani husimama katikati ya bei zilizouzaa. Kadiri unavyotulia ndivyo unavyochelewa. Haiwezekani kupata utulivu bila kuulipia.

Tena, bei ikiyumba bila mwelekeo, ishara huja na kufutika mfululizo, na kila moja huleta hasara yake. Wala hesabu hii haijui kwamba ghalani yumo dumuzi anayeyageuza mahindi kuwa unga, au kwamba mkulima anadaiwa na hawezi kungoja ishara yoyote. Wastani haubashiri, hueleza yaliyokwisha kutokea. Faida yake ni kumzuia mtu asiyumbishwe na bei ya siku moja, na sababu za bei hiyo bado hutafutwa katika mvua, barabara na mavuno.

Zoezi kwa wanafunzi

Darasa liandike bei ya debe la mahindi katika soko moja, siku ile ile ya kila wiki, kwa muhula mzima. Lichore katika karatasi ya grafu bei, wastani wa wiki tatu na wa wiki tano. Kisha lihesabu: ni ishara ngapi zilikuwa za kweli, ngapi za uongo, na kila kuchelewa kuligharimu shilingi ngapi?