Tamko la Forodha ni Amana

Hivi karibuni tuliletewa tuuone mzigo mmoja uliorejeshwa kutoka Ujerumani. Ndani yake ilikuwamo mikoba minne ya ukili, kazi ya mikono ya akina mama wa kikundi kimoja cha ushirika katika pwani ya mashariki ya Unguja. Mzigo huo uliondoka visiwani ukiwa umefungwa vizuri; ukarudi baada ya miezi kadhaa na pembe zilizovunjika, mihuri juu ya mihuri, na unyevu umeingia ndani hata ukili ukaota kuvu. Mnunuzi alikwisha kulipa Euro 60. Ikabidi arejeshewe fedha zake, na nauli ya posta ikawa hasara ya kikundi.

Sababu ya yote hayo ilikuwa imebandikwa juu ya mzigo wenyewe. Katika karatasi ya tamko la forodha liliandikwa neno moja tu, "Zawadi", na thamani iliyotajwa ni Euro 10. Lakini ndani, kwa adabu njema ya biashara, akina mama walitia ankara yenye bei halisi. Afisa wa forodha alipofungua alikuta mashahidi wawili wanaopingana, na wote wawili wametoka katika mkono mmoja. Mnunuzi akaitwa aende kujieleza. Akachoka na safari na barua, akaukataa mzigo.

Tulipouliza ni nani aliyewapa akina mama hao shauri la kuandika hivyo, tuliambiwa kuwa ni karani aliyekuwa dirishani siku hiyo. "Andikeni zawadi, mama zangu, itapita." Wao wakaamini, kwa kuwa aliyesema alikuwa ndani ya ofisi na wao wako nje.

Hatusimulii habari hii kwa kutaka kumwaibisha mtu. Tunaisimulia kwa sababu tabia hii imekwisha kuzoeleka, na wanaoifuata wengi wao si wezi. Ni watu wenye bidii wanaotafuta riziki ya halali, na wameonyeshwa njia ya mkato inayoishia shimoni.

Na tuipige hesabu. Kodi ya Ongezeko la Thamani nchini Ujerumani ni asilimia 19. Kwa mikoba ya Euro 60 kodi hiyo ni Euro 11 na senti 40, kabla ya kuongeza sehemu inayohesabiwa juu ya nauli na ada ndogo ya kuhudumia mzigo. Kwa kuikwepa Euro 11, kikundi kimepoteza Euro 60, nauli, mikoba yenyewe, na mteja ambaye pengine angaliwaletea wateja wengine kumi. Wahenga walisema kweli kwamba njia ya mwongo ni fupi.

Neno "zawadi" halikuja bure katika vinywa vya watu. Nchi nyingi husamehe zawadi ndogo anayopelekewa mtu na mwenziwe pasipo malipo. Umoja wa Ulaya husamehe zawadi isiyozidi Euro 45, na Uingereza Pauni 39. Lakini kitu kilicholipiwa si zawadi, hata kikifungwa kwa utepe. Zamani udanganyifu huu haukuonekana sana, kwa kuwa hata bidhaa ndogo za biashara ziliachwa zipite. Siku hizo zimepita. Tangu tarehe 1 Julai 2021 Umoja wa Ulaya uliufuta msamaha wa kodi kwa bidhaa za Euro 22 na chini yake, na mwaka 2025 nchi zake zikakubaliana kuufuta pia msamaha wa ushuru kwa mizigo isiyozidi Euro 150. Nchini Uingereza, tangu tarehe 1 Januari 2021, muuzaji wa nchi za nje anayemuuzia mtu binafsi mzigo usiozidi Pauni 135 ndiye anayetakiwa kuitoza kodi hiyo pale pale anapouza. Na tarehe 29 Agosti 2025 Marekani ilisimamisha msamaha wake wa mizigo isiyozidi Dola 800. Mashirika ya posta zaidi ya 80 duniani yakalazimika kusitisha huduma zao za kwenda huko, zote au baadhi yake, mpaka yajue ushuru utakusanywa vipi.

Kwa hiyo mlango ulioachwa wazi umefungwa, na mlinzi amewekwa. Asiyejua hili atagonga kichwa.

Sasa karatasi yenyewe inataka nini? Haitaki mengi. Kwa mzigo mdogo usiozidi thamani ya takriban Dola 400 hutumika ile fupi, CN 22. Ukizidi hapo hutumika CN 23. Zote mbili huuliza mambo yale yale: ni kitu gani, vingapi, vina uzito gani, thamani yake kiasi gani, vimetengenezwa wapi, na vinapelekwa kwa sababu gani. Mwisho mpelekaji hutia saini kwamba aliyoyaandika ni kweli na kwamba hamna kitu cha hatari ndani.

Palipo na neno "zawadi" au "vitu vya nyumbani" paandikwe kwa uwazi: "mikoba 4 ya kusuka kwa ukili", na iandikwe kwa Kiingereza, kwa Kifaransa, au kwa lugha inayokubaliwa huko mzigo uendako. Thamani iwe ile ile iliyomo katika ankara, pasipungue hata senti. Kisha itiwe nambari ya bidhaa, ambayo tarakimu zake 6 za mwanzo zinafanana karibu duniani kote. Nambari hizo si siri ya wakubwa. Mikoba na makapu ya kusuka huanzia 4602, kofia za viua 6505, sabuni 3401, pilipili manga 0904, mdalasini 0906 na iliki 0908. Tangu mwaka 2021 kanuni za Umoja wa Posta Duniani zinataka maelezo haya yatangulie kwa njia ya kompyuta kabla mzigo wenyewe haujafika. Yaani afisa wa ng'ambo huusoma mzigo wetu ungali njiani, na kosa la dirishani Unguja humfikia kabla ya ndege.

Yako pia mambo yasiyotengenezwa na karatasi yoyote. Karafuu si bidhaa ya kila mtu kujisafirishia apendavyo. Biashara yake inasimamiwa na sheria na imekabidhiwa Shirika la ZSTC, na mwenye kuificha ndani ya kifurushi anafanya magendo, kiwe kikubwa au kidogo. Magamba ya ng'amba yamepigwa marufuku na mkataba wa kimataifa wa mwaka 1973 wa kulinda viumbe walio hatarini, na matumbawe hayavuki mpaka bila kibali. Manukato yenye spiriti huwaka moto, hivyo hayapandi ndege kwa njia ya posta. Hata sabuni ya mwani tunayojivunia, ikiwa ni ya kuogea, huhesabiwa Ulaya kuwa kipodozi, na kanuni yao ya mwaka 2009 inataka awepo ndani ya Umoja huo mtu anayewajibika kwa usalama wake. Mwenye kikundi ni bora ayajue haya kabla ya kupokea fedha ya mteja.

Sisi tuliopitia chuoni kabla ya skuli tulifundishwa mapema kwamba imo katika Kurani sura nzima, ya 83, iliyopewa jina la wapunjao vipimo. Anayeandika Euro 10 juu ya kitu cha Euro 60 anapunja kipimo, ingawa hakushika mizani. Saini katika karatasi ya forodha ni amana. Tena si amana ya mtu mmoja, kwani katika nafasi ya nchi ulikotoka mzigo halisomwi jina la kikundi wala la mtu; husomwa jina la nchi yetu. Samaki mmoja akioza huoza wote: mizigo michache ya uwongo inatosha kuwafanya maafisa wa ng'ambo wafungue kila kifurushi kinachotoka kwetu, na atakayeumia ni yule aliyeandika kweli.

Lakini tukiishia kuwakemea akina mama tutakuwa tumewaonea. Mji huu unayo sehemu iitwayo Forodhani. Kwa muda mrefu visiwa hivi viliishi kwa forodha. Haiwezekani sisi, wa nchi kama hiyo, tushindwe kumweleza mwananchi karatasi ya ukurasa mmoja. Posta na ushuru wa forodha ni mambo ya Muungano. Ushirika na maendeleo ya wajasiriamali wa visiwani yako mikononi mwa Serikali ya Mapinduzi. Mwananchi wetu ameangukia katikati. Akienda huku huambiwa aulize kule, na akifika kule huambiwa arudi huku. Huo ndio urasimu, na hauna udhuru.

Tunazitaka ofisi zinazohusika zifanye mambo matatu yasiyohitaji bajeti kubwa. Kwanza, katika kila dirisha la posta, Unguja na Pemba, ubandikwe mfano wa tamko lililojazwa vizuri, pamoja na maelezo ya Kiswahili na orodha ya nambari za bidhaa zinazotoka visiwani kwa wingi. Pili, makarani wafundishwe kanuni mpya kila zinapobadilika, na ijulikane kwamba karani anayemshauri mteja kusema uwongo amekosa kazini. Tatu, maafisa wa ushirika, wa posta na wa forodha wakae pamoja na vikundi hivi, shehia kwa shehia, wawasikilize kabla ya kuwahutubia.

Na kwa wenzetu wenye vikundi tunasema hivi: mwambieni mteja tangu mwanzo kwamba kodi ya nchi yake ipo, na kwamba ataombwa ailipe. Atakayekimbia kwa sababu hiyo angalikimbia tu mlangoni pa forodha, na mzigo wenu ungalirudi.

Akina mama tuliowataja wamekwisha kuianika ile mikoba juani, lakini kuvu haijatoka. Sasa wanasuka mingine. Wanangoja tu mtu wa kuwaonyesha pa kuandika kweli.