Je, Wajua? Joto la Nyumba ya Bati Linapita Darini

Saa saba mchana mwezi Machi, jua likiwa utosini mwa Dar es Salaam, kila mita moja ya mraba ya paa hupokea nguvu ya jua inayokaribia wati 1,000. Ni sawa na kuwasha pasi ya umeme na kuiacha juu ya kila mita ya bati. Nyumba yenye paa la mita za mraba 100 imebeba pasi mia moja kichwani.

Mji huo uko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita wima juu yake mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi, kaskazi ikikaribia kwisha, na tena Oktoba. Tanga, Zanzibar na Mombasa mambo ni yaleyale, tarehe zikitofautiana kwa siku chache. Jua la namna hiyo haliugusi sana ukuta. Mzigo mkubwa uko juu ya paa.

Fukuto linapozidi tunafungua madirisha na kuongeza kasi ya feni. Ni sawa, lakini njia kuu ya joto la mchana iko mahali ambapo mwenye nyumba huenda hajapachungulia tangu ahamie: darini, ile nafasi ya giza kati ya bati na silingi, penye kenchi, nyaya na vumbi.

Bati lenye rangi iliyokoza, kama maruni au kahawia, linaweza kupita nyuzijoto 60 wakati hewa ya nje ni nyuzijoto 32. Kutoka hapo joto lina njia mbili za kuvuka dari. Ya kwanza ni hewa. Hewa iliyogusa bati hupata moto, lakini hewa moto ni nyepesi. Hutuama juu na haina sababu ya kushuka. Njia ya pili ni mnururisho. Bati hurusha miale ya joto isiyoonekana kwa macho, nayo hukata hewa na kutua moja kwa moja kwenye silingi. Kwa joto linaloshuka, njia hii ndiyo kubwa zaidi. Silingi ikishapata moto, nayo humrushia joto aliye chini yake. Ndiyo maana mtu hukaa chini ya feni, upepo ukimpiga vizuri, na bado akahisi utosi unachomwa.

Kwa hiyo matundu ya hewa peke yake hayamalizi kazi. Hewa moto yatatoa, lakini miale haitoki tunduni.

Hata hivyo matundu yana kazi nyingine muhimu. Usiku bati hurusha joto lake angani na kupoa kuliko hewa inayolizunguka. Katika unyevu wa pwani, mvuke huganda chini ya bati ukawa matone. Darini pasipopitisha hewa, mbao huoza na jipsamu huota madoa. Kanuni inayonukuliwa sana, ya mita moja ya mraba ya matundu kwa kila mita za mraba 300 za dari, iliingia katika viwango vya nyumba vya shirika la serikali la Marekani, FHA, mwaka 1942. Shabaha yake ilikuwa kuzuia unyevu kuganda darini wakati wa baridi kali. Wengi leo huitumia kana kwamba ilibuniwa kupoza nyumba.

Matundu mazuri huwa na pande mbili: chini, nyuma ya fishabodi, hewa iingie, na juu, karibu na kofia ya paa au kwenye pembe ya paa la mgongo wa tembo, hewa itoke. Yote yawekewe wavu, kwa sababu mbu wa malaria hupenda kuingilia upenyo ulio kati ya ukuta na paa. Lakini feni ya kunyonya hewa ya darini inahitaji tahadhari. Silingi ikiwa na nyufa, au matundu ya taa yasiyozibwa, feni hiyo hunyonya hata hewa ya chumbani iliyokwisha kupozwa, na uniti za umeme zikapanda badala ya kushuka.

Dawa ya miale ni kuizuia isizaliwe au isishuke. Rangi nyeupe safi juu ya bati hurudisha angani zaidi ya asilimia 70 ya nguvu ya jua. Rangi zilizokoza mara nyingi hurudisha chini ya asilimia 20. Kinga ya pili ni karatasi ya alumini inayotandazwa chini ya bati, uso unaong'aa ukitazama chini na ukiachiwa nafasi ya hewa. Alumini inayong'aa hurusha chini ya asilimia 10 ya miale ambayo uso uliopakwa rangi ungeirusha. Ukiilaza juu ya silingi huku uso ukitazama juu, vumbi litaifunika na nguvu yake itapungua. Kinga ya tatu ni blanketi la nyuzi za kioo juu ya silingi.

Hesabu ya joto hili iko kwenye mita ya umeme ya LUKU. Kiyoyozi kidogo cha BTU 9,000 huondoa joto la takribani kilowati 2.6. Chumba cha mita za mraba 12 kina kilowati 12 za jua juu yake saa za mchana. Sehemu moja tu ya kumi ikipenya, imekula karibu nusu ya uwezo wa kiyoyozi. Juu ya hayo, kiyoyozi hukamua maji hewani, na kila lita inayodondoka kwenye bomba lake imekigharimu karibu kilowati-saa 0.7 za joto la kuondoa. Nyufa za silingi zinazoingiza hewa yenye unyevu humwongezea mwenye nyumba malipo usiku kucha.

Pwani yetu inaijua kanuni hii ya kulizuia joto paani. Huko Lamu, nyumba nyingi za mawe zenye paa bapa zimejengewa paa la pili la makuti juu yake, lililo wazi pembeni. Makuti hupokea jua, upepo hupita katikati, na paa la chini hukaa kivulini.

Anayejenga leo ana nafasi ya pekee kabla fundi hajapiga silingi. Achague bati la rangi nyepesi, atandaze alumini wakati wa kupaua, aache matundu yenye wavu, azibe nyufa. Kiyoyozi kije mwisho, na kidogo kitatosha. Lakini wanaohitaji elimu hii kuliko wote hawana kiyoyozi wala silingi: wanafunzi katika madarasa ambayo juu ya vichwa vyao pana bati tupu, na miale yote huwashukia. Kamati ya shule yenye fedha kidogo ianze na rangi nyeupe juu ya paa. Haiongezi hata uniti moja ya umeme, na hufanya kazi zaidi saa zilezile jua linapokuwa kali.