Ukikata plaiwudi ya kabati, bledi na mwongozo ni muhimu kuliko nguvu za msumeno

SEREMALA aliyepewa kazi ya kuunda kabati za jikoni anaweza kuingia hasara siku ya kwanza iwapo atakosea kukata plaiwudi. Bamba moja la futi nane kwa nne, lenye unene wa milimita 18, hugharimu maelfu ya shilingi, na mkato uliopinda au wenye kingo zilizomeguka haufichwi kwa vanishi.

Ajabu ni kwamba wengi wanaponunua msumeno wa mviringo wa umeme huuliza kwanza una wati ngapi. Swali hilo si baya, ila halifai kutangulia. Plaiwudi ya unene huo si mzigo mzito, na mashine ya kawaida ya wati 1,200 huipasua bila taabu. Usafi wa mkato hutokana na bledi. Unyofu wake hutokana na mwongozo.

Plaiwudi huundwa kwa tabaka nyembamba za mbao zilizogandishwa kwa gundi, nyuzi za tabaka moja zikikingamana na za tabaka linalofuata. Bledi inapozikata kwa kukingama nyuzi za tabaka la juu, meno huzing’oa na kuacha vibanzi.

Mara nyingi bledi inayouzwa pamoja na mashine huwa na meno 24 au pungufu, ambayo yanafaa kupasulia mbao za kuezekea. Kwa kazi ya kabati, bledi ya kipenyo cha milimita 185 yafaa iwe na meno 40 hadi 60 yenye ncha za kabaidi, yaliyonolewa kwa mshazari, moja likielekea kushoto na jingine kulia. Mnunuzi ahakikishe kwamba tundu la katikati linalingana na mhimili wa mashine yake, na kwamba kasi iliyoandikwa kwenye bledi haiko chini ya kasi ya mashine.

Meno ya msumeno wa mkono hukata yakitoka chini kwenda juu. Kwa hivyo upande mzuri wa plaiwudi hulazwa chini, na kina cha bledi hurekebishwa ili meno yachomoze milimita tano au sita tu.

Kuhusu mashine yenyewe, umeme wa Kenya ni wa volti 240. Misumeno iliyotumika Marekani ni ya volti 120, na ikichomekwa hapa moja kwa moja huungua. Aidha, bamba la chini la msumeno lazima liwe bapa na ukingo wake uwe sambamba na bledi. Hilo hukaguliwa dukani kabla ya kuchomeka mashine: pima umbali kutoka ukingo wa bamba hadi jino moja likiwa mbele, zungusha bledi hadi jino lilo hilo lifike nyuma, kisha upime tena. Vipimo vikitofautiana na haviwezi kurekebishwa, rudisha mashine hiyo.

Mwongozo wa bei nafuu hutengenezwa karakanani. Fundi huchukua kipande cha plaiwudi nyembamba ya milimita sita, chenye urefu wa futi nane, na kugundisha juu yake ufito ulionyooka. Ukingo uliokatwa kiwandani ndio wa kuaminika kwa ufito huo. Kisha huendesha msumeno ukiegemea ufito na kukata kipande cha chini kilichozidi. Tangu hapo ukingo wa mwongozo huonyesha hasa mahali bledi itakapopita; kinachobaki ni kuuweka kwenye alama na kuubana kwa klampu mbili.

Reli za alumini za kiwandani ni bora zaidi, hasa zile za misumeno ya kuzamisha, kwani huwa na utepe wa mpira unaokandamiza nyuzi zisinyanyuke. Hata hivyo, nyingi huwa na urefu wa takriban mita 1.4, hivyo mbili huhitajika kukata bamba zima, na reli ya kampuni moja si lazima ishike msumeno wa nyingine. Kwa fundi anayeunda kabati chache kwa mwaka, gharama hiyo ni vigumu kuitetea.

Kosa jingine hufanyika kwenye hesabu. Upana wa bamba ni milimita 1,220, na fundi hukisia kwamba atapata vipande vinne vya milimita 305. Bledi ikila milimita tatu kwa kila mkato, mikato mitatu hula tisa, na kipande cha mwisho hubaki na 296. Droo haitaingia.

Wapo wanaokwepa gharama zote hizi kwa kufunga bledi ya mbao kwenye grainda. Grainda ndogo huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika, karibu maradufu ya msumeno wa mviringo, na aghalabu hutumika bila kinga. Vidole vimepotea kwa njia hiyo.

Hata msumeno halali huruka nyuma kwa kishindo iwapo plaiwudi itabonyea na kubana bledi. Bamba lilazwe juu ya mbao nne, mbili kila upande wa mkato, ili vipande vyote viwili vibaki vimetulia bledi inapomaliza. Kinga ya bledi isifungwe kwa waya, na fundi asimame kando ya mstari wa mkato wala si nyuma yake.