Boneti ya kaboni kwa gari la nyumbani: iangalieni wawili

Oktoba iliyopita nililala siku nne Gongoni, pale Tabora mjini, nyumbani kwa mpwa wangu. Jua la Oktoba la Tabora wengi mnalijua. Mvua ya Novemba bado, vumbi limesimama, na miembe imeanza kuning'iniza matunda mabichi. Nilikuta nyumba imenuna. Chakula kinapakuliwa, watoto wanaogeshwa, lakini mume anazungumza na mimi, mke anazungumza na mimi, wao kwa wao kimya.

Chanzo kilikuwa uani, kimefunikwa turubai. Subaru Impreza WRX ya mwaka 2004, boneti imejikunja kama chapati.

Wiki mbili kabla, mke alikuwa anarudi kutoka Nzega na watoto wawili kiti cha nyuma. Basi likapishana nao kwa kasi, upepo wake ukaingia chini ya boneti, boneti ikafunguka na kupiga kioo cha mbele. Akaona giza. Bahati nzuri hakukanyaga breki kwa hofu. Alichungulia kwenye ule mwanya mwembamba unaobaki chini, karibu na bawaba, akaachia mafuta, akawasha taa za hatari, akatoka pembeni taratibu. Watoto hawakuumia. Baadaye ikajulikana kwamba asubuhi ile gari lilitoka kumwagwa oili, na fundi hakuishindilia boneti mpaka komeo likashika. Ile ndoano ya pili, iliyowekwa kiwandani ili kuizuia boneti komeo likiachia, ilikuwa imeganda kwa grisi na vumbi.

Kwa hiyo boneti nyingine ilikuwa lazima. Ugomvi ulikuwa ni boneti gani.

Mpwa wangu alinionyesha simu. Boneti nyeusi ya nyuzi za kaboni, inayong'aa, ina matundu mawili marefu kama mashavu ya samaki. "Mjomba, gari linachemsha nikipakia mzigo. Hii inatoa joto, tena nyepesi." Kutoka jikoni sauti ikaja: "Baba, muulize ada ya Januari itatoka wapi."

Msomaji wangu, nilitaka kusema neno moja la kiutu uzima niende zangu kulala. Lakini nimewahi kukaa gereji miaka kadhaa kabla sijashika kalamu, nikaona heri tulijadili jambo lenyewe, maana kila mmoja wao alikuwa na hoja.

Tuanze na joto, kwa kuwa ndiyo sababu aliyoitoa mume. Hewa huingia kwa mbele, inapita kwenye rejeta, inabeba joto, kisha inatakiwa kutoka. Kwa gari la kawaida hutokea chini. Ukitoboa boneti mahali panapofaa, gari likiwa kwenye mwendo hewa moto huvutwa juu na rejeta hupumua vizuri zaidi. Neno zito hapo ni mahali panapofaa. Sehemu ya mbele hadi katikati ya boneti, nyuma kidogo ya rejeta, hewa ya juu yake hukimbia na msukumo wake ni mdogo, kwa hiyo tundu la hapo linatoa. Karibu na kioo cha mbele mambo hugeuka. Hewa hugonga kioo na kujazana, msukumo unapanda, na ndiyo maana viwanda vingi huweka pale chini ya kioo mdomo wa kuingizia hewa ya ndani ya gari. Tundu la huko nyuma linaweza kuingiza hewa badala ya kuitoa. Boneti nyingi zinazouzwa kwa picha zimetobolewa pale panapopendeza macho.

Halafu kuna jambo la Subaru hizi za turbo peke yake. Ile pua iliyosimama juu ya boneti yake si pambo. Chini yake kuna intakula, kifaa kinachopoza hewa iliyosukumwa na turbo kabla haijaingia kwenye injini, na pua ndiyo inayokilisha upepo. Boneti aliyoichagua mpwa wangu haikuwa na pua. Ilikuwa bapa na matundu yake mawili tu. Angeifunga ile, injini ingevuta hewa ya moto kuliko ilivyokuwa mwanzo, nguvu zingepungua, na yeye angeendelea kusifu kaboni. Nilipomwonyesha hilo alinyamaza muda mrefu. Mke akaleta chai.

Sasa uzito. Hapa Tabora watu wanajua mizigo kwa urithi. Wakati Burton na Speke wanafika Kazeh, Novemba 1857, mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa akibeba kama frasila mbili kutoka pwani, na frasila moja ni kama kilo 16. Boneti ya bati ya gari dogo huzunguka kilo 15 hadi 20, yaani frasila moja na ziada. Ya kaboni iliyotengenezwa vizuri inaweza kuwa nusu ya hapo. Kwa hiyo mtu anatoa fedha nyingi ili aondoe robo ya mzigo wa mpagazi mmoja kwenye gari lenye tani moja na zaidi. Kwenye mashindano hiyo ni faida. Kwa gari la kupeleka watoto shule na kwenda Urambo kuona shamba, kunywesha tangi nusu badala ya kulijaza kunapunguza zaidi.

Na hata hiyo robo kwao haikuwepo. Nilimwambia achukue sumaku ya spika mbovu aiweke juu ya boneti yake iliyopinda. Ikateleza ikaanguka. WRX hizo boneti yake ya kiwandani ni ya aluminiamu, si chuma. Wewe nawe fanya hivyo kabla hujamwamini muuzaji anayekuhesabia kilo utakazopunguza.

Jambo jingine la kuuliza ni kaboni yenyewe. Zipo boneti ambazo nyuzi za kaboni ni juu na chini, zimebanwa na gundi ya epoksi na kupikwa kwa joto. Hizo ni ghali na nyepesi kweli. Nyingi za bei ya kati zina tabaka moja la kaboni usoni, mgongoni ni faiba ile ile ya matangi ya maji na bampa za kuchonga. Zipo pia za faiba tupu zilizobandikwa stika yenye mchoro wa kaboni. Huwezi kujua kwa picha ya juu. Dai picha ya chini, upande wa mgongo, na dai uzito kwa kilo kwa maandishi. Faiba si dhambi, lakini usiinunue kwa bei ya kaboni.

Jua nalo. Epoksi haipendi jua. Ikikaa wazi bila vanishi yenye kinga ya mionzi huanza kuwa ya njano, kisha huchuja na kuwa kama imepakwa chokaa. Tabora iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwenye mwinuko wa mita kama 1,200, na gari la kila siku halilali kwenye banda la maonyesho. Kwa hiyo mwenye boneti hiyo ajiandae kuipaka nta mara kwa mara na kupiga vanishi upya kila inapochoka. Ukiipaka rangi ya gari itadumu zaidi, ila hapo nyuzi ulizolipia hazionekani tena. Mpwa wangu alicheka mwenyewe aliposikia hivyo.

"Basi ataliegesha kivulini," mke akasema. Sote tukaangalia kivuli chenyewe. Ni mwembe. Miembe ya Tabora, wanasema wazee, ni alama ya njia ya misafara, na mwembe wa uani kwao ni mkubwa kuliko nyumba. Embe likianguka juu ya bati linaacha kibonyeo, na fundi bodi anakinyoosha kwa chai na maandazi. Kaboni haibonyei. Inavumilia, inavumilia, kisha inapasuka, na ufa wake unahitaji mtu anayejua kulaza nyuzi na gundi. Mafundi bodi wa aina hiyo mitaani kwetu ni wachache mno.

Mke alikuwa na swali ambalo mimi sikulifikiria. "Mvua ikinyesha?" Gari likiwa kwenye mwendo, hewa inayotoka husaidia kuzuia maji. Likiwa limesimama, tundu ni tundu. Kwa injini ya Subaru hii alteneta imekaa juu mbele, mahali hasa ambapo tundu la mbele litadondoshea. Mvua za Tabora huanza Novemba na hufika Aprili, na yeye huegesha kazini tangu asubuhi mpaka jioni bila paa. Boneti ya matundu inayofaa kwa gari la kila siku ni ile yenye trei ya kukinga maji chini ya tundu, au vifuniko unavyoweza kufunga masika na kufungua kiangazi. Vumbi nalo huingia humo humo likiwa limeegeshwa. Kama boneti haina trei, usinunue, hata ikiwa nzuri kiasi gani.

Lakini pale nilipokaza sauti ni kwenye komeo. Yule mama alishaona boneti ikimfunika macho na watoto nyuma yake, na hilo halikuwa la kubishaniwa. Boneti nyepesi huinuliwa na upepo kirahisi kuliko nzito. Angalia kama mahali pa kushikia komeo pamewekwa bamba la chuma ndani ya tabaka, au ni skrubu zilizopigwa kwenye faiba tu. Barabara za vumbi zenye mikunjo zitazilegeza hizo. Angalia kama ndoano ya pili ya kiwandani bado inapata pa kukamata. Wanaofunga boneti za kaboni huongeza pini mbili za pembeni, na ni vizuri, mradi ziwe nyongeza na si badala ya komeo. Ukitoa komeo ukabakiza pini zisizo na ufunguo, yeyote mtaani anaweza kufungua na kuondoka na betri yako.

Kuna pia suala la kugongwa. Boneti ya kiwandani ina mbavu za chini zenye sehemu zilizopangwa kukunjika katikati, ili ajali ya mbele isiisukume nzima nzima hadi kwenye kioo. Boneti ya bei nafuu isiyo na jina haina anayekuhakikishia hilo.

Mambo ya makaratasi nayapita haraka. Ukiwa na bima ndogo, boneti yako haihusiki kabisa, utajilipia. Ukiwa na bima kubwa, waandikie kabla ya kubadilisha chochote. Na kwa kuwa kadi ya gari inataja rangi, anayetaka kugeuza sehemu kubwa ya mwili kuwa nyeusi aulize kwanza TRA na trafiki.

Siku ya tatu tulifanya lile ambalo lingepaswa kuwa la kwanza. Tulitoa grili ya mbele, tukamulika tochi kwenye rejeta. Nafasi kati ya mapezi zilikuwa zimezibwa na mbegu za majani, mabawa ya panzi na udongo mwekundu, kama kiota. Feni moja kati ya mbili haikuwa inazunguka. Maji ya ndani yalikuwa maji ya bomba, yenye rangi ya chai, bila kulanti. Rejeta ilioshwa kutoka nyuma kuja mbele, kwa maji ya shinikizo dogo ili mapezi yasilale. Feni ikabadilishwa, themostati ikabadilishwa, kulanti ikajazwa. Gharama yake yote ilikuwa sehemu ndogo ya bei ya ile boneti.

Tulifunga boneti iliyopinda kwa kamba ya katani na kwenda taratibu mpaka Kwihara na kurudi, watu wanne ndani. Mshale wa joto haukupita katikati. Mpwa wangu alikuwa anautazama kama anayesubiri uhame.

Usiku ule waliongea wenyewe. Nilisikia kupitia ukutani, si kwa kutaka. Mume alisema kwamba kweli alitaka kupendeza, kwamba gari ndicho kitu pekee alichowahi kununua kwa ajili ya kufurahi. Mke akasema angesema hivyo tangu mwanzo, asingetaja joto. Wakakubaliana ada ilipwe, boneti ya kiwandani yenye pua itafutwe Dar es Salaam kwenye vipuri vilivyotumika, komeo na ndoano vibadilishwe vyote viwili, na ile ya kaboni aiwekee akiba yake mwenyewe nje ya fedha ya nyumba, kwa masharti: iwe na pua, iwe na trei, komeo libaki.

Boneti ilifika kwa basi, ya rangi ya fedha juu ya gari la bluu. Fundi rangi akaimaliza kabla ya mvua.

Desemba mke alinitumia picha. Embe la kwanza lilikuwa limeanguka, na kwenye boneti kulikuwa na kibonyeo chenye ukubwa wa kijiko cha chai. Jioni ile ile mume naye akanitumia ya kwake: boneti ya kaboni, ina pua, ina trei, bei imeshuka kidogo, na chini ameandika, "Mjomba, wewe unaonaje?"