Je, Wajua? Kola Iliyowaokoa Linksi

Mwaka 1999 jimbo la Colorado, Marekani, lilianza kurudisha linksi, paka mwitu mwenye vishungi masikioni kama simbamangu wetu, kutoka Kanada na Alaska. Baadhi ya wale wa kwanza walikufa njaa, na kola za redio walizovishwa ndizo zilizofichua hilo. Wapo wasemao kumvisha mnyama wa porini kola ya redio ni kumsumbua bure. Lakini bila kola hizo, mizoga ingeozea msituni na wataalamu wangeendelea kukosea vilevile. Walipojua chanzo cha vifo, waliwaweka linksi waliofuata zizini muda mrefu zaidi, wakawanenepesha, kisha wakawaachia majira ya machipuko. Vifo vya njaa vikapungua. Kuhesabu walioachiliwa, 218 kufikia 2006, ni kazi rahisi. Kipimo chenyewe cha mafanikio ni uzazi, na watoto wa kwanza walionekana mwaka 2003.