Thamani ya Pikipiki za Zamani za Japani: Mfano wa Honda CB750

Wahenga walisema kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda; wakasema vilevile kuwa ya kale ni dhahabu. Kauli hizi zinazoelekea kukinzana zinakutana katika historia ya Honda CB750, pikipiki ya Kijapani iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1969.

Enzi hizo, pikipiki kubwa zilizosifika zilikuwa za Uingereza. Aghalabu zilikuwa na silinda mbili, na mwendeshaji aliziwasha kwa kupiga kiki. CB750 ilikuja na silinda nne zilizopangwa safu moja, breki ya diski kwenye gurudumu la mbele na kitufe cha kuwashia. Nchini Marekani iliuzwa kwa dola 1,495.

Hata hivyo, kampuni yenyewe haikuwa na hakika ya soko. Ilikadiria kuunda pikipiki 1,500 kwa mwaka. Maadamu mitambo ya kusubu madini kwa shinikizo ilikuwa ghali, makasha ya injini za kwanza yalisubiwa kwa njia nafuu na ya polepole, yakatoka na uso wa chembechembe kana kwamba yalitolewa katika kalibu za mchanga. Maagizo yalipofurika, kadirio la mwaka likageuka kuwa la mwezi, na ile njia ya awali ikaachwa baada ya kuunda pikipiki zipatazo 7,400.

Hapa ndipo penye kinaya. Uso ule usiolainika, uliotokana na shaka ya mtengenezaji, ndio unaosakwa leo kwa udi na uvumba na wakusanyaji. Mwaka wa 2018, CB750 moja iliyoundwa kwa majaribio kabla ya mauzo kuanza ilinadiwa nchini Uingereza kwa pauni 161,000.

Uhaba pekee hauelezi bei hizo. Miongoni mwa wanunuzi wamo waliokuwa vijana katika miaka ya sabini, wakaitamani pikipiki hiyo wakiwa hawana uwezo wa kuinunua. Mngurumo wa mabomba yake manne ya moshi huwarejesha katika ujana wao, na bei hubeba kumbukumbu hiyo pamoja na chuma.

Kutokana na hayo huzuka mvutano kuhusu ukarabati. Anayepaka rangi mpya na kubadilisha vipuri vilivyoshika kutu huirudishia pikipiki sura aliyoipenda zamani, lakini papo hapo hufuta ushahidi wa kiwandani. Rangi ya asili ikishakwanguliwa hairudi. Ndiyo maana wakusanyaji huchunguza nambari za fremu na za injini, na baadhi yao huienzi zaidi pikipiki iliyochakaa lakini haijaguswa. Hivyo basi, kila mmiliki hana budi kuamua atakachohifadhi: chombo kama kilivyotoka kiwandani, au kama anavyokikumbuka.