Somo la Hiari Lisidharauliwe

Vijana wetu kadhaa wanasomea shahada ya pili ya hisabati ya fedha, na wazazi wanauliza: ada yenyewe ni nzito, ya nini kuchukua somo la biashara lisilolazimishwa? Mpwa wangu aliniuliza hayohayo. Nikamwambia achukue uhasibu.

Mwaka 1973 Fischer Black na Myron Scholes walichapisha kanuni ya kukadiria thamani ya haki ya kununua hisa siku za mbele kwa bei iliyokubaliwa leo. Robert Merton akaiendeleza. Mwaka 1997 Scholes na Merton walipewa tuzo ya Nobel. Black alikwisha kufariki. Wawili hao walikuwa washirika katika mfuko wa Long-Term Capital Management huko Marekani. Agosti 1998 Urusi ikashindwa kulipa madeni yake, masoko yakayumba, na mfuko ule ukapoteza zaidi ya dola bilioni 4 katika mwaka huo mmoja. Mabenki 14 yakachanga dola bilioni 3.6 kuunusuru.

Hesabu zao hazikuwa za kitoto. Lakini kwa kila dola yao walikopa zaidi ya 20, na jambo hilo huonekana kwenye mizania. Wazee wetu wenye maduka walilijua bila ya chuo.

Mpwa wangu alinung'unika, akajiandikisha. Mwezi wa pili akanipigia simu usiku: “Mjomba, vipi kampuni ipate faida, kisha ikose fedha za mishahara?”